Fizikia si ya ualimu tu

Wadau, hapa Moi's Bridge (zamani Hoey's Bridge) ukisema unasomea fizikia, unaulizwa utafundisha shule gani. Tuangalie historia kidogo.

Mwaka 1981 kamati ya Mkanada Colin Mackay ilipendekeza Kenya iwe na chuo kikuu cha pili, kiegemee teknolojia. 1984 kikazaliwa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, jirani zetu kabisa. Kamati hiyo hiyo ndiyo iliyoleta wazo la 8-4-4, iliyoanza 1985. Humo fizikia ikaja kuwa somo la hiari: ulipoliacha baada ya kidato cha pili, uhandisi ulikuwa umekupita. Uamuzi mzito huo, kwa mtoto!

Na kazi? 1981 hiyo hiyo mtambo wa kwanza wa Olkaria, megawati 15, ulianza kuzalisha umeme kwa mvuke wa ardhini. Pa kuchimba visima hutafutwa kwa jiofizikia: unapima jinsi miamba inavyopitisha umeme. Hata ugali wangu mimi mwanakompyuta unatokana na transista, waliyoibuni wanafizikia wa Bell Labs mwaka 1947.

Kwa hiyo ukijaza fomu, soma vizuri: shahada ya sayansi katika fizikia na shahada ya ualimu wa sayansi ni kozi mbili tofauti.