Paka Mgonjwa Alivyopata Kwao

Sultani Baybars wa Misri, aliyefariki mwaka 1277, aliacha wakfu ambao madrasani hatukuusikia: bustani karibu na msikiti wake, nje kidogo ya Cairo, mapato yake yawalishe paka wasio na wenyewe. Mwingereza Edward Lane, aliyeishi Cairo na kuchapisha kitabu chake mwaka 1836, anasimulia kwamba bustani yenyewe ilikwisha kuuzwa, ikapita mikono mingi, lakini paka hawakusahauliwa. Kila siku baina ya alasiri na magharibi makapu ya matumbo yaliletwa katika ua wa mahakama ya Kadhi, na paka wa mji wakakusanyika kula.

Naanza na Baybars kwa kuwa mimi ni mtu wa Mombasa, Mji wa Kale, na huruma ya namna hiyo ndiyo niliyolelewa nayo. Bibi akipaa samaki, matumbo hayatupwi. Yanawekwa kando, na paka wa mtaa wanaijua saa yake. Hakuna aliyewafukuza, wala hakuna aliyewaingiza ndani. Paka aliyegongwa na mkokoteni akavunjika mguu alipata fungu lake kama wenziwe, akiwahi; asipowahi, basi tena. Riziki ilikuwa haki yake, nyumba haikuwa. Leo naishi London na kazi yangu ya kujitolea ni kulea kwa muda paka ambao watu hawawakimbilii: vipofu, wenye kisukari, waliopooza nyuma, wenye virusi kwenye damu. Nakaa nao hadi apatikane wa kuwachukua moja kwa moja. Wageni wangu kutoka nyumbani hudhani Wazungu wamefanya hivi tangu jadi. Sivyo. Ni jambo la juzi, na limekuja kwa shida.

Oktoba 1860, mama mmoja aitwaye Mary Tealby alifungua huko Holloway, kaskazini ya London, makao ya muda ya mbwa waliopotea na wenye njaa. Gazeti la The Times lilimcheka waziwazi. Alifariki mwaka 1865 bila kuona makao yakihamia Battersea mwaka 1871, wala paka wakianza kupokewa mwaka 1883. Mwaka uliofuata, 1884, daktari Benjamin Ward Richardson aliwajengea pale chumba maalumu cha kuulia wanyama kwa hewa ya sumu. Nisieleweke vibaya: Richardson alikuwa mtu wa huruma, na chumba kile kilisifiwa kwa sababu mnyama alilala akafa bila kupigwa wala kuzamishwa mtoni. Huo ndio uliokuwa upeo wa rehema ya zama zile. Mzima alisubiri mwenyewe siku chache. Kilema hakuwa na cha kusubiri.

Na fikra hiyo ilidumu. Vita vilipotangazwa Septemba 1939, wakazi wa London waliwapeleka wanyama wao wenyewe wakauawe. Mwanahistoria Hilda Kean anakadiria paka na mbwa wapatao laki 4 katika wiki ya kwanza pekee, na mabomu hayajaanguka bado. Hao walikuwa wazima, wana majina na mahali pao pa kulala. Chama cha kutetea paka kilichozaliwa Caxton Hall mwaka 1927, ambacho leo kinaitwa Cats Protection, kilikuwa na kazi ya kutosha kuwatetea wazima. Sidhani kama kuna wa kumlaumu kwamba mgonjwa aliwekwa nyuma.

Lililobadili mambo lilianzia maabara, na mwanzoni liliwadhuru paka wenyewe. Mwaka 1964, huko Glasgow, William Jarrett na wenzake waligundua virusi vya saratani ya damu ya paka, baada ya kuletewa habari za nyumba ambayo paka wake waliugua uvimbe wa tezi mmoja baada ya mwingine. Kisha mwaka 1986, mjini Petaluma, California, mwanamke mmoja aliyekuwa akiokota paka wa mitaani aliona ajabu: katika kizimba kimoja tu paka walikonda, fizi zikavimba, wakafa, na vizimba jirani vikabaki salama. Alipiga hodi Chuo Kikuu cha California kule Davis. Niels Pedersen na Janet Yamamoto wakavipata virusi vipya, vya ukoo mmoja na vile vya UKIMWI wa binadamu ingawa haviwezi kumwambukiza mtu. Kilichowaongoza wanasayansi hao kilikuwa jicho la mwokota paka, na nafikiri anastahili nusu ya sifa.

Basi watu wakaviita UKIMWI wa paka. Mimi niliyekulia pwani miaka hiyo nakumbuka kikombe cha mgonjwa kikitengwa, na shuka zake zikichomwa. Sikushangaa kusoma yaliyowapata paka. Vikatoka vipimo vya haraka: tone la damu, dakika chache, jibu. Katika makao mengi jibu likawa hukumu. Aliyeonekana na virusi alichomwa sindano ya mwisho siku ileile, hata akiwa mnene, ngozi inang'aa, anakula. Vilevile waliuawa paka wachanga ambao hawakuwa na virusi kabisa. Kipimo hutafuta kinga mwilini, na mtoto hunyonya kinga ya mama yake. Huweza kukaa nayo hadi miezi sita, ikaisha yenyewe. Kungoja tu kungewaokoa. Kipimo kilitangulia maarifa, na pengo lililokuwa baina yao lilijaa maiti.

Maarifa yalifika polepole. Ilibainika kwamba virusi hivi hupita hasa kwa meno, pale dume asiyehasiwa anapomng'ata mwenziwe akazamisha. Sahani ya pamoja haiambukizi. Paka waliohasiwa wanaopatana ndani ya nyumba hawana la kuogopeshana. Mwaka 2014 Annette Litster alichapisha utafiti kutoka makao mawili ya uokoaji ambamo wenye virusi na wasio navyo waliishi pamoja, na hakuona maambukizi, wala kutoka kwa mama kwenda kwa watoto. Mwaka 2020 madaktari wa paka wa Marekani waliandika katika mwongozo wao kwamba paka asiuawe kwa sababu tu ya jibu la kipimo.

Huku nyuma kulikuwa na mageuzi mengine, ya kiofisi, nayo nayathamini mno. Mwaka 1994 chama cha wanyama cha San Francisco, chini ya Richard Avanzino, kilitia saini mkataba na idara ya jiji: hakuna paka wala mbwa mzima atakayeuawa kwa kukosa nafasi. Mwaka 2004 viongozi wa vyama mbalimbali walikutana Asilomar, California, wakapanga madaraja ya wanyama, na moja likatengewa mnyama asiyepona lakini anaweza kuishi vizuri na maradhi yake akitunzwa. Kabla ya hapo kisukari na kansa ya mwisho vingeweza kuandikwa mstari mmoja. Karatasi ile ilimpa kipofu mahali pa kuandikwa.

Karatasi haimtoi paka kizimbani, lakini. Anayemtoa ni mtu anayeketi na mchukuaji akamweleza kazi ilivyo. Chukua paka anayeyumba: mama yake alishikwa na virusi vya panleukopenia akiwa mjamzito, na ubongo mdogo wa mtoto haukukua. Haumwi, na hali haizidi kuharibika. Mwambie mchukuaji atandike zulia, maana kwenye vigae paka atateleza. Sanduku la mchanga liwe na kuta ndefu za kuegemea, mlango wake mfupi. Bakuli liwe zito. Kucha zisikatwe sana, ndizo breki zake. Aliyepooza nyuma ni kazi zaidi, kwa kuwa kibofu lazima kikamuliwe mara mbili au tatu kwa siku. Hapo maneno hayatoshi. Namshika mgeni mkono, naupeleka chini ya tumbo hadi aliguse lile duara, gumu kama ndimu, kisha tunaminya kwa upole kuelekea mkiani hadi lilainike. Wengi huja na woga usoni. Mkojo ukitoka, hucheka.

Mlango uliobaki mzito ni wa wenye virusi vile vya Glasgow. Hivyo hupita kwa mate, kwa kulambana na kula pamoja, kwa hiyo paka huyo akae peke yake au na wenye hali kama yake, na wengi hawafiki uzee. Makao mengi bado yanawakataa. Kule Austin, Texas, shirika la Austin Pets Alive limewatengea sehemu yao na linawatafutia watu. Huku kwangu wanaokuja kuwauliza ni wachache, aghalabu wajane na wastaafu wasio na paka mwingine. Nawaambia bila kuficha kwamba pengine ni miaka miwili, pengine mitatu. Swali lao la kwanza huwa anapenda kula nini.