Riwaya ya Kabla, Filamu ya Baada: Vuta N'kuvute Katika Kivuli cha 1972

Riwaya nne mashuhuri za Adam Shafi hazikuchapishwa kwa kufuata mpangilio wa historia ambayo zinaisimulia. Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) ndiyo iliyotangulia, nayo yahusu utwana wa mashambani Unguja na Mapinduzi ya Januari 1964 yaliyouvunja. Kuli (1979) ilirudi nyuma hadi kwa wachukuzi wa bandarini na mgomo wao wa 1948. Baada ya kimya cha miaka 20, Vuta N'kuvute (1999) ikasimama katikati, katika miaka ya mwisho ya utawala wa Mwingereza. Na Haini (2003) ikaruka hadi ndani ya magereza yaliyojaa watu baada ya Rais Abeid Amani Karume kuuawa tarehe 7 Aprili 1972. Mhakiki akizipanga kwa miaka ya matukio yake, atakuta kwamba Vuta N'kuvute ina hali ya pekee. Ni riwaya ya kabla, iliyoandikwa na mtu aliyekwisha kuyaona ya baadaye. Adam Shafi mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliotiwa kizuizini kufuatia mauaji yale ya 1972. Alipomuumba Denge, kijana mkomunisti aliyerudi kutoka masomoni Urusi, alijua vyema vijana wa aina hiyo waliishia wapi.

Swali la makala haya ni moja: mtengenezaji wa filamu afanye nini na ujuzi huo, ambao haumo katika kurasa za riwaya lakini umo katika kichwa cha msomaji?

Swali lenyewe si la Zanzibar peke yake. Mwaka 2020 mwandishi Mmarekani Suzanne Collins alitoa The Ballad of Songbirds and Snakes, riwaya tangulizi ya mfululizo wake wa distopia, yaani masimulizi ya jamii iliyogeuka jinamizi kwa raia wake. Matukio yake yanatangulia yale ya The Hunger Games (2008) kwa miaka 64, na shujaa wake ni kijana ambaye kila msomaji anajua kwamba atakuja kuwa dikteta. Filamu yake, iliyoongozwa na Francis Lawrence, ilitoka 2023. Katika riwaya, msimulizi hukaa ndani ya fikra za kijana huyo, na hesabu zake za ubinafsi husikika hata anapotenda wema. Kamera haina mlango wa namna hiyo. Humwonyesha uso mzuri na machozi, na mtazamaji humwamini kwa muda mrefu zaidi kuliko msomaji. Haishangazi basi kwamba filamu ile, ilipofika tamati, iliazima sauti ya mwigizaji mzee Donald Sutherland, aliyemwigiza dikteta huyo katika filamu za awali, ili mtazamaji akumbushwe. Riwaya tangulizi inapohamishiwa kwenye filamu, kinachotishiwa kwanza ni kejeli yake: ule umbali kati ya anachokijua mhusika na anachokijua hadhira.

Kwa upande wa Zanzibar, jinamizi halikubuniwa. Umma Party, chama cha Abdulrahman Babu kilichoundwa 1963, ndicho kilichowakusanya wengi wa vijana wa siasa za kikomunisti, akina Denge wa kweli. Waliyapokea Mapinduzi kama yao na wengine wakapewa vyeo. Miaka minane baadaye, baada ya risasi za Kisiwandui, wakasombwa. Babu mwenyewe alizuiliwa Bara tangu 1972 hadi 1978, na huku Zanzibar kesi ya uhaini ikaendeshwa, yeye akiwa miongoni mwa washtakiwa ingawa hakuwapo mahakamani. Jina la riwaya ya 2003 limetoka humo. Hamza, mhusika mkuu wa Haini, anateswa na dola ambayo watu wa rika la Denge walisaidia kuizaa. Hakuna mahali ambapo Adam Shafi anasema kwamba Hamza ni Denge aliyezeeka gerezani, wala haifai kulazimisha hivyo. Lakini riwaya hizi mbili zimeachana kwa miaka minne tu ya uchapishaji, na ni vigumu kwa aliyesoma ya pili kuirudia ya kwanza kwa moyo uleule.

Filamu ya Vuta N'kuvute ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Toronto, Septemba 2021. Iliongozwa na Amil Shivji, Mtanzania aliyekwisha kujulikana kwa T-Junction (2017), na mswada wake aliuandika pamoja na Jenna Bass wa Afrika Kusini. Mwaka 2022 Tanzania iliiteua kuiwakilisha katika tuzo za Oscar. Gudrun Columbus Mwanyika anaigiza Denge, na Ikhlas Gafur Vora anaigiza Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa mfanyabiashara wa umri wa kumzaa, akatoroka ndoa na kupata hifadhi Ng'ambo kwa Mwajuma. Lugha ni Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo lisingehitaji kutajwa lau filamu za kanda hii zisingekuwa na mazoea ya kukihofia.

Riwaya ni pana mno kwa filamu ya saa moja na nusu. Ina safari za Bara, ina Inspekta Wright na Koplo Matata wanaomwinda Denge, ina waume zaidi ya mmoja katika maisha ya Yasmin, hadi anapoangukia kwa Bukheti ilhali Denge ameondoka nchini. Ina Mombasa pia, ambako Bwana Raza anamhamishia mkewe kijana naye akamwacha huko na kurudi Unguja. Msomaji wa Mjambere au Likoni huenda akautafuta mji wake katika filamu. Uzito wa Shivji uko Unguja, na juu ya mapenzi ya watu wawili. Upunguzaji huo una gharama. Katika riwaya Yasmin anakomaa kwa kuhamahama, na ndoa yake ya mwisho, ya kawaida kabisa, ndiyo inayomzuia msomaji asiifanye siasa ya Denge kuwa hadithi ya mapenzi tu. Adam Shafi hakumpa mwanamapinduzi wake hata bibi arusi. Hapo ndipo kejeli ya riwaya ilipojificha, na ni kejeli ya mtu aliyetoka kizuizini: kijana anayeahidi dunia mpya anatoweka, na maisha yanaendelea mikononi mwa mtu mpole asiyeahidi kitu.

Filamu inapoteza sehemu ya kejeli hiyo, lakini imepata kitu badala yake. Mwajuma anaigizwa na Siti Amina, ambaye ni mwimbaji wa taarabu kwa kazi yake hasa. Kwa hiyo pale ambapo msimulizi wa Adam Shafi, anayejua yote, hueleza kwa kirefu yaliyomo nyoyoni mwa watu wa Ng'ambo, filamu ina wimbo na uso wa mwimbaji. Taarabu ni sanaa ya kusema jambo huku ukidai hukulisema. Hakuna chombo kingine cha visiwani kinachofaa zaidi kubeba huzuni ya mambo ambayo bado hayajatokea. Shivji hakuwa na sauti ya Sutherland ya kuazima, kwani haikuwapo filamu ya Haini iliyomtangulia. Alikuwa na udi na fidla, na anayezisikiliza kwa makini atasikia kwamba furaha ya usiku wa Ng'ambo ina muda wake.

Je, hilo latosha? Kwa Mzanzibari wa makamo latosha, pengine lazidi. Kwa mtazamaji wa Toronto, au kwa mwanafunzi wa Tanzania aliyeijua riwaya hii kama kitabu cha mtihani wa kidato cha sita, filamu inaweza kusomwa kama ushindi mtupu: Mwingereza mbaya, vijana wazuri, uhuru waja. Usomaji huo si kosa la mwongozaji. Kumtia Denge kinywani maneno ya kubashiri 1972 kungekuwa kuwadhulumu vijana wa 1950, ambao walistahili matumaini yao hata kama hayakutimia. Tatizo ni kwamba fasihi ya jinamizi katika Kiswahili haijasaidiwa na filamu. Walenisi (1995) ya Katama Mkangi, mwana wa pwani ya Kenya aliyewahi kutiwa kizuizini naye, ina chombo cha angani na sayari mpya, vitu ambavyo kamera huvipenda. Pumzi (2009) ya Wanuri Kahiu, filamu fupi ya Kenya juu ya dunia isiyo na maji, ilionyesha kwamba jambo hilo lawezekana bila ya fedha za Hollywood, ila haikutokana na kitabu.

Haini itahitaji ujasiri wa namna nyingine. Humo mna seli na mlango unaofunguliwa kutoka nje, na atakayeitengenezea filamu atalazimika kumtafutia Hamza uso. Akimchagua mwigizaji yuleyule aliyekuwa Denge, hadhira ya visiwani haitahitaji kuelezwa kitu.