Mlima Alvernia, Paa la Bahama
Hapa uliposimama ni mita 63 tu juu ya bahari, lakini hakuna mahali palipoinuka zaidi katika Bahama, nchi ya visiwa karibu 700.

Makao haya ya mawe yalijengwa na Padre Jerome, yaani John Hawes, msanifu majengo Mwingereza. Alizikwa hapa mwaka 1956.

Kilima ni mchanga wa kale uliorundikwa na upepo, ukagandamana kuwa mawe ya chokaa. Mvua huzama humo upesi; chini, maji baridi huelea juu ya maji ya chumvi.

Vimbunga huja kati ya Juni na Novemba, na bahari hufurika hadi maeneo ya chini.

Tafadhali usipande kuta.