Kumbe Stori ya "Mwonyeshe Mbwa Nani Bosi" Ilianzia Kizimbani!

Umeshaambiwa mbwa usipomwonyeshe nani bosi atakupanda kichwani? Stori hiyo ina chanzo chake.

Mwaka 1947 mtafiti mmoja aliandika alichokiona kwa mbwa mwitu wa bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Walifungiwa pamoja, wakawa wanagombania ukubwa. Mwaka 1970 Mmarekani mmoja akaieneza hoja hiyo kwenye kitabu chake, na waliozoea kumkaba mbwa kwa mnyororo wakapata kisingizio.

Kumbe porini mambo ni tofauti. Mmarekani yuleyule alikaa na mbwa mwitu huru kaskazini mwa Kanada, na mwaka 1999 akaandika kuwa kundi ni familia tu: baba, mama na watoto. Alijisahihisha hadharani, jambo linalowashinda wengi.

Huku Hawaii, miaka ya 1960, mwanamama mmoja alipewa pomboo awafundishe. Pomboo huwezi kumfunga mnyororo. Ukimuudhi anaogelea zake. Ikabaki filimbi na samaki: akipatia, filimbi inalia, samaki anafuata. Miaka ya 1990 mbinu hiyo ikashika kasi kwa mbwa, filimbi ikawa kidude kinacholia "tik". Hata panya buku wa Morogoro wanaonusa mabomu ya ardhini hufundishwa hivyohivyo, kwa ndizi.

Mbwa anayekuogopa anatii fimbo. Anayekuamini anakuja hata ukiwa mikono mitupu. Wa kwako akiitwa anatingisha mkia, au anaufyata?