Tippu Tip, Conrad na sisi wasomaji wa Ubundu

Hapa kwetu Ubundu watu wengi wanawaza kwamba kusoma ni juu ya mtihani tu. Mtihani ukiisha, kitabu kinafunikia sahani. Lakini wazee wetu walikuwa na furaha ya maneno yaliyopangwa vizuri hata mbele kitabu hakijafika. Mwenye kujua lokole atatuelewa. Katika lugha ya Walokele, kule chini ya Kisangani, neno la mwezi na neno la kuku yana sauti moja, juu na juu; na lokole haina herufi, inatoa tu sauti ya juu na ya chini. Basi mpigaji haachi neno peke yake. Mwezi anausema kwamba unaangalia dunia kutoka juu, kuku anamwongezea mlio wake. Misionari Carrington wa Yakusu alieleza mambo haya katika kitabu chake cha mwaka 1949. Ule ni ufundi kabisa, na mwandishi wa kitabu naye ana wake. Msomaji anayeuona anafurahi mara mbili.

Tuchukue kisa kimoja cha mto wetu. Mwezi wa kumi mwaka 1876, katika inchi ya Kasongo, Stanley alikutana na Hamed bin Muhammed, yule tunayemwita Tippu Tip. Walipatana: Tippu Tip amsindikize safari 60 za saa nne nne, kwa dola 5,000. Waliingia pori kubwa, wakateseka, na mwisho wa mwaka ule waliachana. Mwezi wa kwanza 1877 Stanley alipita maporomoko yetu saba, yanayoanzia hapa Ubundu na kuishia Kisangani. Kitabu chake kilitoka 1878. Tippu Tip alingoja zaidi ya miaka ishirini. Akiwa mzee Unguja, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za kiarabu, na Mjerumani Heinrich Brode akayatoa Berlin mwaka 1902 na 1903.

Ukiwasoma hawa wawili pamoja, utacheka. Stanley anaandika tarehe, vipimo, na hotuba ndefu ambazo hakuna mtu angezitoa akiwa na njaa porini. Tippu Tip hana hotuba. Yeye anakwenda na "-ka-" yake: akaja, akasema, nikamjibu, tukaenda. (Sisi tungesema: alafu alikuya, alafu alisema.) Moyo wake hauelezi. Juu ya ahadi nyingi za Stanley anasema tu kwamba baadaye alitumiwa picha yake. Hakuna tusi hata moja pale, na hasira yote unaisikia.

Ufundi wake mkubwa ni ule wa habari ya Kasongo Rushie. Tippu Tip alikuwa amesikia kwamba dada ya yule chifu alitekwa zamani, akapelekwa mbali. Alipofika kwake alisema: mimi ni mjukuu wa yule dada. Mzee alimpokea kama mtoto wa nyumba na akamwachia utawala, pamoja na pembe za tembo. Mwandishi hasemi waziwazi kwamba alidanganya. Anaweka mambo mawili karibu karibu, yale aliyosikia na yale aliyosema, kisha anakuacha wewe uunganishe. Na ukiunganisha, umekuwa mwenzake katika ile hila, unatabasamu. Ndipo inafaa kuogopa kidogo.

Conrad ni mwingine. Yeye alifika Stanley Falls mwezi wa tisa 1890, ndani ya mashua "Roi des Belges". Mashua haikuweza kupanda maporomoko, basi Ubundu hakuiona. Njia ya treni ya kilometa 125 kutoka Kisangani mpaka hapa ilimalizika 1906 tu. Hadithi yake ya mwaka 1899 haitaji jina la mto wala la inchi. Baharia anasimulia usiku, mbali sana, kwenye mto wa London, na mtu anayetafutwa tunasikia habari zake kurasa nyingi mbele ya kumwona. Kucheleweshwa namna ile kunavuta. Hata sisi tulisoma mpaka taa ikakosa mafuta. Lakini watu wa kando ya mto wanapiga kelele tu, na wenye kupewa maneno wanapewa mara mbili tatu. Mwaka 1975 Chinua Achebe alimshitaki Conrad kwa jambo hilo mbele ya chuo kikuu kimoja cha Marekani. Tunamkubali. Ila kitabu hatukitupi, kwani bila kukisoma tusingejua vile mtu anaweza kunyamazishwa na sentensi nzuri.

Tulikuwa tunawaza kwamba Tippu Tip, kwa kuwa ameandika kwa lugha yetu, amepona na kosa lile. Siku moja tulimsomea mzee mmoja, mvuvi, asiyejua kusoma, zile kurasa za Kasongo Rushie. Alicheka mpaka machozi. "Ule mutu alikuwa na akili mingi!" Alafu alinyamaza, akarudisha kamba ya wavu mkononi, akauliza:

"Na bale balibeba zile pembe, baba, balisema nini?"

Tulifungua tena kitabu. Uzito wa pembe upo, kwa farasila, mwandishi ameukumbuka miaka mingi. Machifu wana majina, Wazungu pia. Wabebaji ni watu tu, mamia, wanatembea kutoka ukurasa mpaka ukurasa. Kijana aliyekuwa anasoma alitaka kuruka, aendelee na kisa. Mzee alimzuia kwa mkono.

"Rudia pale," alisema. "Pale banapita."

Akasoma tena, polepole.