Utafiti wa mvuto wa kimapenzi miongoni mwa wanafunzi wa vyuo

MVUTO wa kimapenzi ni hali ya mtu kuvutiwa na mwingine kiasi cha kutamani uhusiano wa karibu naye. Katika saikolojia, mengi yanayofahamika kuhusu hali hii yametokana na wanafunzi wa shahada ya kwanza, wawe wachunguzwa au wasaidizi wa watafiti.

Mfano maarufu ni utafiti uliochapishwa mwaka wa 1966 na Elaine Walster (baadaye Elaine Hatfield) na wenzake katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani. Wanafunzi wapya 752 walinunua tiketi za dansi wakiambiwa kwamba kompyuta ingemteulia kila mmoja mwenzi anayemfaa. Ukweli ni kuwa waliunganishwa bila mpangilio. Sharti kuu lilikuwa mvulana asiwe mfupi kuliko msichana. Walipokuwa katika shughuli ya tiketi, wanafunzi wanne wa mwaka wa pili walikadiria kisirisiri uzuri wa sura zao.

Matokeo

Nadharia tete ya watafiti ilikuwa kwamba mtu humpendelea mwenzi anayelingana naye kwa mvuto. Haikuthibitika. Wakati wa mapumziko ya dansi, kila mmoja aliulizwa maoni yake kuhusu mwenziwe, na jambo lililoamua jibu lilikuwa sura ya mwenzi huyo. Alama za masomo na vipimo vya hulka havikuwa na uzito wowote wa maana.

Je, wahenga walikosea waliponena kwamba uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti? La hasha. Hulka haidhihiriki kwa saa chache. Isitoshe, katika dansi hiyo kila mtu alikuwa amekwisha kupewa mwenzi, hivyo hofu ya kukataliwa ilipungua. Tafiti za baadaye kuhusu watu waliokuwa tayari na wapenzi zilionyesha kwamba wengi wao hukaribiana kwa mvuto.

Maadili na mipaka

Wanafunzi wale walidanganywa kuhusu kompyuta, na sura zao zikapewa alama bila wao kujua. Mwaka wa 1974, Marekani ilipitisha Sheria ya Kitaifa ya Utafiti iliyoimarisha ulinzi wa wachunguzwa. Siku hizi udanganyifu wa aina hii huhitaji idhini ya kamati ya maadili, na kwa kawaida mchunguzwa huelezwa ukweli baadaye.

Mipaka nayo ipo. Mwaka wa 2010, Joseph Henrich, Steven Heine na Ara Norenzayan walionya kwamba wanasaikolojia huwategemea mno wanafunzi wa nchi tajiri za Magharibi, ilhali hao hawawakilishi binadamu wote. Kwa hivyo, mwanafunzi anayetafiti mapenzi hana budi kuomba ridhaa, kuficha majina ya wahojiwa, na kutodai kwamba majibu ya wanafunzi wenzake ndiyo sauti ya ulimwengu mzima.