Babu na Reli ya Uhuru
Babu yangu alikuwa manamba, mkata mkonge kule Kilosa. Mwaka 1970, ujenzi wa TAZARA ulipoanza, akaenda zake kuomba kibarua. Kiingereza hajui, Kichina ndiyo kabisa! Basi Mchina akamfundisha kwa mikono: shika hivi, kaza hivi, ukikosea rudia. Mafundi wetu walikuwa wachache mno, kwa hiyo kazi yenyewe ndiyo ikawa shule. Mwaka 1972 vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea reli. Babu hakuwamo, darasa la nne angekwenda wapi? Lakini kilomita 1,860 zilipotandikwa zote, 1975, alikuwa fundi. Mimi cheti cha kidato cha nne ninacho. Spana aliyoniachia nagandamizia karatasi za riwaya yangu, zisipeperuke.